Katibu alipojiita mtunzi wa mchezo wangu wa "Alhamisi" (Msambweni, miaka ya hamsini)

Marahaba, wakuu.

Najua hamjaniamkia bado, lakini nina miaka themanini na ushei, kwa hivyo naipokea mapema tusipoteze wakati. Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya tangu mjukuu wangu aniwekee simu hii. Leo nami naandika. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Anayetaka kiapo, wallahi.

Nianzie pale uvumilivu uliponiishia.

Ilikuwa Idd Pili, siku ya Jumanne, baada ya alasiri, ndani ya ukumbi wa shule kule Msambweni. Wanaume wamekaa mbele kwenye mabenchi. Sisi wanawake tuko ubavuni, nyuma ya pazia la merikani. Nimempakata mwanangu Mwanaidi, mtoto wa miezi minane, ameshiba maziwa, amelala.

Mchezo wa kuigiza ulikuwa umekwisha sasa hivi. Watu walipiga makofi hadi vumbi likashuka kutoka kwenye makuti. Ulikuwa mchezo wangu. Nimeuandika mimi kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Akapanda jukwaani katibu wa kikundi cha michezo. Jina lake nalibana, huenda ana wajukuu humu, nao hawana kosa. Tumwite Katibu. Akaiweka sawa tarbushi yake, akawageukia mabwana waliotoka ofisi za Kwale, akasema mchezo ule ameutunga yeye, tena kutokana na mambo yaliyomfika nyumbani kwake.

Nikasema kutoka nyuma ya pazia. Sikupiga kelele, lakini nilitoa sauti ya kufika.

"Bwana Katibu, taja jina la mtunzi kama tulivyoagana."

Hakugeuka hata. Alitabasamu tu.

"Akina mama, kuna mtoto analia huko. Mnyamazisheni."

Ukumbi mzima ukacheka.

Wakuu, mwanangu alikuwa amelala.

Sasa nirudi nyuma mwelewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimesoma Mombasa hadi darasa la pili la sekondari, jambo ambalo kwa msichana wa kwetu siku zile lilikuwa kama kuota mbawa. Kisha nikaozwa Mwabungo. Mume wangu Hamisi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akifanya kazi kwenye feri ya Likoni. Alikuwa akiondoka Ijumaa jioni na kurudi Alhamisi iliyofuata. Kwa hivyo mimi wiki nzima niko na wakwe, na mtoto, na kichwa kilichojaa maneno yasiyokuwa na pa kwenda.

Katibu alisikia kwamba kuna mke wa mtu Mwabungo anayejua kuandika. Kikundi chao kilikuwa cha vijana na wazee wachache wa Ukunda na Msambweni. Walikuwa wakicheza siku za Idd, siku za maonyesho ya wakulima na shule zinapofungwa. Kila mara walihitaji mchezo mpya.

Kazi zenyewe zilikuwa za wiki mbili, tatu. Leo mngeniita freelancer. Siku zile niliitwa "yule mwanamke wa daftari".

Utaratibu ulikuwa hivi. Katibu anakuja, anakaa barazani. Mimi nakaa ndani, mlango umerudishwa nusu. Anaagiza kama mtu anayeagiza mahamri: nataka mchezo wa nusu saa, watu sita, wa kuchekesha, na asiwemo mtu wa kufa maana ni sikukuu. Mimi naandika. Wiki ya pili anakuja kuchukua.

Wa kwanza ulikuwa wa mwanamume wa Bongwe anayejitia ugonjwa kila msimu wa kulima. Wa pili niliagizwa na ofisi ya afya kupitia Katibu, wakitaka watu wachimbe vyoo. Mimi nikawaandikia mawifi wawili wanaogombana nani ana choo kizuri zaidi. Watu wa Waa walicheka mwezi mzima, na nasikia wengine walichimba ili tu wasishindwe na jirani.

Malipo nilipata, hilo silalamikii. Uzi huu si wa pesa.

Jambo tuliloagana lilikuwa moja. Jina la mke wa mtu kwetu halikuwa la kutajwatajwa hadharani, na mimi sikutaka kuwaaibisha wakwe zangu. Basi tukakubaliana kwamba mchezo ukimalizika atasema: umetungwa na Binti Juma wa Mwabungo. Juma ni baba yangu. Hapo jina langu limesitirika na kazi yangu imejulikana. Katibu akasema hakuna neno. Kwenye michezo miwili ya kwanza alisema "umetungwa na kikundi chetu". Nikanyamaza. Nilikuwa mpumbavu, ndiyo.

Sasa nieleze kitu ambacho nyinyi wa leo hamtakijua, na ndicho kilichoniokoa.

Mchezo wa kwanza niliuandika kwa herufi za shuleni, hizi tunazoandikia hapa. Katibu akawa anawasomea waigizaji na wao wanakariri. Siku moja akaja barazani Mzee Bakari, fundi wa kushona makuti, ambaye ndiye aliyekuwa akiigiza vikongwe vyote maana wanawake hatukupanda jukwaani. Alikuwa na aibu kidogo.

"Binti Juma," akasema, "sisi macho tunayo. Ila haya maandishi yako yanatoka kushoto."

Nikaelewa papo hapo. Wale watu walikuwa wamesoma, tena vizuri. Walisoma chuoni, yaani madrasa, kwa herufi za Kiarabu, na Kiswahili walikiandika kwa herufi hizo hizo. Mimi na usomi wangu nilikuwa nimewageuza wajinga.

Mimi hati yangu ya Kiarabu ilikuwa mbaya, kama kuku aliyekanyaga wino. Lakini mama yangu mzazi, aliyekuwa akikaa nyumba ya nne kutoka kwetu, alifundishwa na babu yangu. Mama hakuwa akijua herufi hata moja ya shuleni, lakini akiandika Kiswahili kwa Kiarabu ungedhani anadarizi kofia.

Basi tukawa tunafanya kazi wawili. Mimi nasoma kutoka kwenye daftari huku nanyonyesha, yeye anaandika. Kila mwigizaji alipata karatasi yake peke yake, yenye maneno yake tu, na maneno mawili matatu ya mwisho ya anayemtangulia ili ajue zamu yake ikifika. Karatasi ilikuwa adimu, haikuwezekana kumnakilia kila mtu mchezo mzima.

Mama alikuwa akinisahihisha vilevile. Nikisoma sentensi ndefu anaweka kalamu chini. "Huyu mtu anasema au anahutubia? Mwanangu, mpe nafasi ya kupumua." Shule yangu ya uandishi ilikuwa pale, juu ya mkeka wa mama yangu.

Katibu hakuzigusa karatasi zile hata siku moja. Alisema hiyo ni kazi ya ukarani. Mama akacheka puani. "Yule alitoroka chuoni hata juzuu ya kwanza hajaimaliza. Alimwogopa mwalimu." Watu wote wa rika lake walikuwa wakijua. Lakini mtu akishakuwa na Kiingereza cha kuzungumza na mabwana wa Kwale, nani atamwambia asome?

Tuje kwenye mchezo wenyewe.

Mwanaidi alipokuwa na miezi minne alishikwa na homa. Ilikuwa Jumatatu. Mume wangu yuko Likoni. Nikaomba ruhusa kwa wazee wa nyumba nimpeleke hospitali Msambweni. Wakasema, kwa upole kabisa, mume wako anarudi Alhamisi, ngoja mwenyewe aje. Hawakuwa watu wabaya. Ndivyo walivyolelewa.

Nikangoja Jumatatu. Nikangoja Jumanne. Hapa ndipo nilipokosea, na sitafuti wa kumlaumu. Nilikuwa na akili, nilikuwa na miguu, na nilingoja.

Jumatano asubuhi akaja wifi yangu Mejumaa, dada yake Hamisi, aliyeolewa Bongwe. Wakuu, mnavyosikia mawifi wanasemwa vibaya, mimi wa kwangu nitamshukuru hadi naingia kaburini. Ulimi wake ulikuwa kama wembe. Kila akija lazima anicheke kwamba msomi ameunguza wali. Siku ile hakucheka. Alimgusa mtoto shingoni, akanitazama.

"Unangoja nini?"

Nikamwambia nangoja ruhusa.

"Ruhusa nimekupa mimi. Kaka yangu akiuliza, aniulize mimi. Vaa buibui lako."

Tukapanda lori la nazi hadi Msambweni. Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyempokea mtoto, Mungu amjaze heri popote alipo, hakutugombeza. Alimchukua tu mikononi mwangu akaanza kazi. Baadaye ndipo akatuambia kwamba kesho yake tungekuwa tumechelewa.

Alhamisi Hamisi akafika nyumbani, akakuta hatupo, akaja mbio hadi hospitali. Mimi nimejikunyata nangoja maneno. Akakaa kwenye ncha ya kitanda, akamtazama mtoto, kisha akasema neno ambalo sijalisahau.

"Kumbe mlikuwa mkiningoja mimi? Mimi si dawa."

Basi Katibu alipokuja kuagiza mchezo wa Idd, akasema ofisi ya afya inataka kitu kuhusu hospitali, nilijua naandika nini. Niliuita "Alhamisi". Mama, mtoto mgonjwa, wazee wapole, siku zinavyopita moja moja, wifi mwenye ulimi. Mwisho wake ni mume anasema maneno yale ya Hamisi. Niliomba idhini yake kwanza. Akasema andika, ila yule mume awe mrefu kidogo.

Mama alipokuwa akiyanakili maneno ya mwisho aliweka kalamu chini. Nikadhani ataniambia sentensi ni ndefu. Akajifuta macho kwa kanga, akaendelea.

Mzee Bakari aliigiza mama wa mtoto. Mzee wa ndevu, amejifunga kanga, amepakata bunda la nguo, na nawaambia wanawake nyuma ya pazia walikuwa wakilia kwa kwikwi. Hakuna aliyeziona ndevu.

Hapo sasa mnaelewa nilivyojisikia Katibu aliposema mambo yale yalimfika nyumbani kwake.

Na baada ya kile kicheko cha "mtoto analia", hakuishia hapo. Bwana wa afya kutoka Kwale alisimama akasema mchezo ule utazungushwa kwa gari Waa, Bongwe, Ukunda, hadi kule bara kwa wafugaji, na kwamba mtunzi ataandika mingine kwa msimu wote wa kiangazi. Katibu akainama kushukuru. Kisha akaongeza kwamba mwisho wake ataunyoosha kidogo kabla ya safari. Yule mama atasubiri hadi mumewe arudi, na mtoto atapona kwa baraka ya subira yake, isije ikawafunza wake za watu ujeuri.

Jina langu kunyang'anywa kulinichoma. Lakini hili la pili lilikuwa baya zaidi. Nilimwona kila mama wa Waa na Bongwe amekaa nyuma ya pazia lake, mtoto ana homa, na mchezo wangu mimi ndio unaomwambia angoje.

Tulipotoka nje nilimkuta Katibu karibu na lori. Mejumaa alikuwa pamoja nami, mtoto yuko begani kwangu. Katibu akazungumza nami kwa sauti ya chini, kama mtu anayefanya hisani.

"Dada yangu, nimekusitiri. Jina la mke wa mtu halipigwi mbiu ukumbini. Ungenishukuru."

"Tuliagana utaje Binti Juma," nikamwambia. "Juma si mke wa mtu."

Mejumaa akaangua kicheko. Wanaume wawili watatu wakageuka. Katibu akabadilika uso.

"Mimi sibishani na wanawake njiani. Mumeo akirudi Alhamisi, mwambie anione. Nitazungumza naye kiume."

Alhamisi, wakuu. Mtu aliyetoka kujiita mtunzi wa mchezo ule ananiambia ningoje Alhamisi. Hata hakuusikiliza.

Nilipanda lori nikaenda zangu.

Jumatano baada ya alfajiri nilikuwa kwa mama nimeshika kalamu niandike barua ya lalamiko, Mzee Bakari akapiga hodi. Mkononi alikuwa na karatasi zote sita. Alikuwa amewapitia waigizaji mmoja mmoja usiku ule, wa Ukunda na wa Msambweni, kwa baiskeli ya kuazima, na kila mmoja alimpa ya kwake bila kuuliza maswali mengi.

"Mwanangu," akasema, "nimeigiza bibi kizee, nimeigiza mwizi wa mbuzi, nimeigiza hata punda. Shahidi wa uongo siigizi."

Mama akamkaribisha chai. Alikunywa amesimama, ana makuti ya watu yanamsubiri.

Barua niliiandika mara mbili, kwa herufi za shuleni kwa mkono wangu, na kwa Kiarabu kwa mkono wa mama, kwa sababu Mudiri wa Msambweni, aliyekuwa akisimamia mambo ya watu wa pwani kwa niaba ya serikali, na ambaye jana yake alikaa mbele kule ukumbini, alisoma zote mbili na sikutaka aseme hakuelewa. Mejumaa alinisindikiza. Mtoto tulikwenda naye. Nakala nilijiwekea; barua yenyewe nilimpa karani mkononi, nikasimama hadi akaigonga muhuri.

Hamisi aliporudi kesho yake nilimpa nakala. Alisoma taratibu, akafika mwisho akacheka peke yake, kisha akauliza kama kuna chai.

Mnaotaka kujua yaliyofuata: mchezo ulizunguka kiangazi chote, na yule mama hakungoja popote ulipochezwa. Nikaandika mingine minne baada ya huo. Mwanaidi ni muuguzi mstaafu. Hayo yananitosha.

Nilichojifunza? Wanangu mnaofanya hizi kazi za muda mfupi, leo script, kesho tangazo, keshokutwa tamthilia ya shule: jina lako liandikwe mwanzo, kwenye karatasi, kabla hujatoa neno la kwanza. Mimi niliagana kwa mdomo kupitia mlango uliorudishwa nusu, na mlango hautoi ushahidi. Pia mjue wanaoibeba kazi yenu. Waliosimama na mimi ni mshona makuti, mama asiyejua herufi moja ya shuleni, na wifi wa maneno makali. Kila nikiswali nawataja wote watatu.

Hasira yangu kwa Katibu bado ipo, nisiwadanganye. Ina miaka zaidi ya sitini na ina afya nzuri kuliko mimi.

Nakala ya lile lalamiko ninayo, mjukuu amenisaidia kuisoma palipofifia, na nainakili hapa chini neno kwa neno. Mkishaisoma semeni yenu, hata wa kunipinga karibuni, ila niamkieni kwanza.

—

Kwa Mheshimiwa Mudiri, Msambweni.

Assalaam alaykum.

Baada ya salamu, naleta lalamiko juu ya Katibu wa kikundi cha michezo. Jana, Idd Pili, mbele yako na mbele ya mabwana wa Kwale, alisema kwamba mchezo uitwao "Alhamisi" ameutunga yeye. Nimeutunga mimi. Yaliyomo yalimpata mwanangu.

Kwanza, naomba isemwe katika ukumbi ule ule, kwa sauti ile ile, kwamba mtunzi ni Binti Juma wa Mwabungo.

Pili, naomba mwisho wa mchezo usiguswe. Yule mama asiambiwe angoje. Mimi niliwahi kungoja siku mbili, na najua zilinipeleka karibu na nini.

Tatu, alisema kwamba kulikuwa na mtoto analia. Mtoto hakuwa akilia. Aliyekuwa akisema ni mimi.

Pamoja na barua hii zimo karatasi sita walizosomea waigizaji, zimeandikwa na mama yangu mzazi. Ikiwa Katibu bado anasema mchezo ni wake, sitaki ugomvi naye na sitaki kiapo. Naomba apewe karatasi moja tu, yoyote aipendayo, asome mistari mitatu mbele yako.

Aanzie kulia.

Ni mimi,
Binti Juma, Mwabungo.
Jumatano, asubuhi.